Fundi wa kikundi amejaza mradi ruwaza tisa, sisi wengine hatuuelewi

Kwako Mwalimu,

Salaam. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nasomea uhandisi wa programu katika chuo kikuu kimoja hapa Kampala. Kwetu ni Busia, upande wa Uganda.

Muhula huu tumepewa mradi wa kikundi katika somo la usanifu wa programu. Tuko watano. Mhadhiri anataka mfumo utumie ruwaza za usanifu (design patterns), yaani njia zilizozoeleka za kutatua matatizo yanayojirudia katika programu, zisizopungua tano, na kila mmoja wetu aweze kuueleza atakapoitwa mbele. Tulichagua mfumo wa akiba na mikopo kwa waendesha boda. Mwanachama anaweka akiba kwa pesa za simu, MTN MoMo au Airtel Money, anaomba mkopo, anatozwa faini akichelewa, na mweka hazina wa steji anaona hesabu zote kwenye simu yake. Mweka hazina wa steji moja karibu na chuo alitupenda, akatupa daftari lake tukalipiga picha na kuwaingiza wanachama wake kwenye mfumo ili tujaribie.

Shida yangu ni mwenzetu mmoja, nitamwita Fundi. Ana akili nyingi na hana ubaya na mtu. Lakini msimbo wote ni wake. Ukimpa sehemu uliyoiandika, asubuhi unakuta ameifuta na kuiandika upya. Ukimuuliza, anasema aliirekebisha kidogo tu. Ameweka ruwaza tisa. Kutoka kitufe cha kuweka akiba mpaka hifadhidata kuna klasi (vipande vya msimbo) kumi na moja, na nusu yake siwezi kukueleza zinafanya nini. Mimi nimeachiwa ripoti na michoro. Mwingine anatengeneza ukurasa wa kuingilia. Wa nne hujibu kwa alama ya kidole gumba kwenye WhatsApp, basi. Wa tano ni dada ambaye jioni hukaa kwenye kibanda cha pesa za simu Wandegeya ili apate karo, na Fundi anasema huyo hana mchango wowote.

Juma lililopita tuliujaribu mfumo kwa simu mbili. Mwenzangu aliingia kwanza, mimi nikafuata. Alipofungua tena ukurasa wake, akakuta jina langu na akiba yangu. Kisha tukajaribu kulipa katika mazingira ya majaribio ya MoMo, tukatumia namba ambayo malipo yake yanatakiwa kukataliwa. Mfumo ukaandika "Umelipa". Fundi alisema hayo ni mambo madogo, atayamaliza usiku. Tukarushiana maneno, na tangu siku hiyo kikundi cha WhatsApp kimenyamaza.

Naomba unishauri. Niende kwa mhadhiri nimweleze kwamba kazi hii ni ya mtu mmoja? Na hizi ruwaza, tuzipunguze tuelewe, au tuziache kwa ajili ya maksi?

Mwenye ripoti, Kampala

*

Mdogo wangu,

Kwa mhadhiri mtakwenda, lakini mwende watano, na kabla ya hapo kuna kazi ya kufanya. Umeuliza maswali mawili, moja la watu na moja la msimbo. Mimi naona ni swali moja. Mwaka 1968 Mmarekani Melvin Conway aliandika kwamba mfumo unaotengenezwa na kundi la watu huishia kufanana na namna watu hao wanavyowasiliana. Kikundi chenu kinamsubiri mtu mmoja, na mfumo wenu umekuwa wa mtu mmoja. Nyinyi wengine hamna pa kuingilia. Ruwaza zilitakiwa ziwape hapo pa kuingilia, zikatumika kufunga.

Waandishi wanne wa kitabu cha Design Patterns, waliokusanya ruwaza 23 mwaka 1994, waliieleza kila ruwaza kwa jina lake, tatizo inalotatua, suluhisho, na matokeo ya kuitumia, gharama zikiwemo. Wanafunzi wengi huondoka na jina na suluhisho, tatizo na gharama wakaziacha darasani. Fundi wenu yuko hapo, na simlaumu sana, maana sharti la "zisizopungua tano" linamsukuma mtu kuhesabu. Lakini ruwaza nzuri huweka mpaka. Mtu wa upande huu anabadilisha mambo yake bila kumsumbua wa upande ule. Kwenye mradi wa wanafunzi, mpaka huo ndipo mahali pa kugawania kazi. Mtu mmoja asimame huku, mwingine kule, na katikati muwe na maneno machache mliyokubaliana. Hii ndiyo sababu nakataa kuzungumzia ruwaza kwanza na ushirikiano baadaye.

Tuanze na hitilafu zenu, kwa sababu si ndogo hata kidogo. Mweka hazina akiona akiba ya mtu mwingine kwenye akaunti isiyo yake mara moja tu, atarudi kwenye daftari lake, na atakuwa na haki. Sijauona msimbo wenu, ila kwa jinsi ulivyoeleza, naamini kuna Singletoni, ruwaza inayoruhusu kitu kimoja tu cha aina yake katika programu nzima, inayoshika "mwanachama aliyeingia". Kwenye programu ya simu inayotumiwa na mtu mmoja, jambo hilo linaweza kupita bila mtu kugundua. Kwenye seva halipiti. Programu ileile inayoendeshwa pale huwahudumia watu wote kwa wakati mmoja, na Singletoni ni kitu kimoja kwa wote hao. Mwenzako aliingia, ikamshika yeye. Ukaingia wewe, ikakushika wewe, na yeye alipofungua tena ukurasa akapewa vitu vyako. Iondoeni. Utambulisho wa aliyeingia usafiri na kila ombi kupitia kikao cha mtumiaji au tokeni, alama anayopewa akiingia, kisha ukabidhiwe kwa klasi inayouhitaji. Nawashauri hata hivyo msiifute kimyakimya. Andikeni kwenye ripoti kwamba ilikuwepo, ilisababisha nini, na mliiondoa kwa nini. Ukurasa huo mmoja unaonyesha mnazielewa ruwaza kuliko ruwaza nane zilizobaki.

Hitilafu ya pili ni ya kuijua tabia ya pesa za simu. Ukituma ombi la malipo kwa MTN MoMo na likapokelewa, seva yao inakujibu kwa namba 202. Namba hiyo inasema ombi limepokelewa, na pesa bado iko kwa mteja. Huenda simu yake iko mfukoni, huenda hajaweka PIN, huenda salio halitoshi. Wewe ndiye unayetakiwa kurudi kuuliza kwa ile namba ya marejeo uliyoituma, au kusubiri wakuarifu, na jibu litakuwa moja kati ya matatu: inasubiri, imefaulu, au imeshindwa. Fundi ameona namba inayoanza na mbili akadhani mambo yameisha.

Sasa niambie, katika watu watano mlio nao, nani anajua kwamba "ombi limetumwa" na "pesa imeingia" ni mambo mawili tofauti? Ni dada wa Wandegeya. Kila jioni anaona mteja anayesema ametuma na wakala hajapokea ujumbe. Anaona mtandao ukikatika katikati, mtu akituma mara mbili kwa sababu ya haraka, pesa ikienda kwa namba isiyo yake. Mnatengeneza mfumo wa malipo ya simu, mwenzenu ni wakala wa pesa za simu, na mnasema hana mchango! Hili limeniuma kuliko lolote kwenye barua yako. Kaeni naye kabla hajaenda kazini, mwandike kila kitu anachokijua kinachoweza kuharibika katika malipo. Orodha hiyo ndiyo majaribio yenu. Na sehemu ya malipo awe nayo yeye, pamoja na mtu wa kumsaidia kuandika msimbo, kama bado hajazoea.

Hapo ndipo Adapta, ruwaza inayoficha tofauti za mifumo ya nje nyuma ya sura moja, inapokuwa na kazi ya kweli. MTN wana namna yao ya kupokea ombi na majina yao ya hali za malipo, Airtel wana yao. Mkiacha tofauti hizo zisambae, ukurasa wa akiba utazijua, mkopo utazijua, ripoti ya mweka hazina itazijua. Kaeni wote watano kwenye meza moja, bila laptopu, mkiwa na karatasi. Andikeni kiolesura kimoja, yaani orodha ya mambo ambayo kipande cha msimbo kinaahidi kufanya, kiitwacho, tuseme, Mlipishaji. Kiwe na mambo mawili tu: kuomba malipo, ambako unatoa namba ya simu, kiasi na marejeo, na kuuliza hali, ambako unatoa marejeo unarudishiwa moja ya yale maneno matatu. Basi. Kila mmoja aweke sahihi yake chini, nasema hivyo kwa dhati. Kisha kuwe na Adapta ya MTN, Adapta ya Airtel, na ya tatu ambayo ndiyo itakayowaokoa, mlipishaji wa bandia. Huyu hawasiliani na mtandao wowote. Ukimpa marejeo yanayoishia na 1 anajibu "imefaulu", yakiishia na 2 "imeshindwa", yakiishia na 3 anabaki "inasubiri" mpaka umuulize tena. Kwa huyo mlipishaji wa bandia, anayeandika mikopo anafanya kazi usiku akiwa hana bando, wala hamsubiri mwenye malipo amalize.

Kuna jambo jingine ambalo Adapta itawafichia. Mazingira ya majaribio ya MTN hutumia yuro, wakati steji inahesabu kwa shilingi ya Uganda. Nimeona wanafunzi wakiingiza yuro mpaka ndani ya hesabu za akiba, na siku ya kuonyesha mradi mweka hazina wa kubuni ana yuro 20,000 za faini. Mambo ya sarafu yaishie kwenye Adapta. Ndani ya mfumo wenu ziwe shilingi kamili, bila nukta.

Faini na riba zinataka ruwaza ya Mkakati, inayokuruhusu kubadilisha njia ya kukokotoa bila kugusa msimbo mwingine, maana steji hazifanani. Moja inatoza kiasi kilekile kwa kila siku ya kuchelewa, nyingine asilimia ya rejesho, nyingine inasamehe juma la kwanza. Kabla ya kuweka Mkakati popote, mjiulize mabadiliko yatatoka wapi. Kodi ya pesa za simu ya mwaka 2018 inatosha kuwa mfano. Julai ilianza kwa asilimia 1 ya miamala, watu wakalalamika nchi nzima, na kabla ya mwaka kwisha ikawa asilimia 0.5 kwa kutoa pesa tu. Aliyekuwa ametawanya ile asilimia 1 sehemu ishirini za msimbo wake alikesha. Mahali ambapo huoni mabadiliko yoyote yanayokuja, andika hesabu ya kawaida uendelee na mambo mengine. Kwa sababu hiyo nashuku kwamba kati ya klasi zile kumi na moja, nyingi zipo kungoja mabadiliko ambayo hayatakuja.

Obzava, ruwaza ambayo tukio moja huwaarifu wote wanaolisikiliza, nayo mnaihitaji, ila kwa hadhari. Malipo yakifaulu, kuna mambo kadhaa yanayofuata: ujumbe kwa mwanachama, taarifa kwa mweka hazina, na kuandikwa kwenye leja. Mawili ya kwanza yawe ya Obzava. Ujumbe usipokwenda, utatumwa tena. Leja hapana. Kubadilisha hali ya malipo na kuandika leja vifanyike kwa pamoja ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata, vyote vifaulu au vyote vishindwe. Nimesisitiza kwa sababu vitabu vingi vya wanafunzi huonyesha Obzava kana kwamba kila anayesikiliza ana uzito sawa. Kwenye pesa za watu haiko hivyo. Kazi hii ya arifa mpeni yule wa kidole gumba. Ni ndogo, ina mwanzo na mwisho, haimfungi kwa mtu yeyote, na mara nyingi mtu anayekaa kimya kwenye kikundi amekosa kipande anachoweza kukiita chake. Mpeni kwa mdomo, uso kwa uso, na tarehe. Akishindwa hapo, mtakuwa mmejua.

Kuhusu maksi: Adapta, Mkakati, Obzava, na Faktori ndogo inayochagua Adapta kwa tarakimu za mwanzo za namba, kwa mfano 077 na 078 kwenda MTN, 070 na 075 kwenda Airtel. Hizo ni nne. Ya tano mnayo tayari bila kujua. Mkopo wenu unapita kwenye hatua: umeombwa, umeidhinishwa, umetolewa, unalipwa, umekwisha. Mkopo ulioombwa tu haupaswi kukubali rejesho, na uliokwisha haupaswi kuidhinishwa tena. Ruwaza ya Hali, ambamo kitu hukubali au hukataa jambo kulingana na hatua kiliyofikia, inabeba sheria hizo vizuri. Zilizobaki kati ya zile tisa, yoyote ambayo hakuna anayeweza kueleza inazuia tatizo gani, iondoeni.

Sasa Fundi. Kabla hujamshtaki kwa mtu yeyote, fikiria anaogopa nini. Maksi za watano ni za pamoja, na yeye ameamini kwamba akiachia kitu kitaharibika. Kumwambia "unatudharau" kutamfanya ajitetee tu. Mfuate peke yake, kabla ya kile kikao cha karatasi, na umwambie jambo ambalo hawezi kulipinga: mhadhiri atamwita yeyote mbele, na leo wanne kati yetu hatuwezi kujibu, kwa hiyo hata wewe maksi zako ziko hatarini. Kisha mwombe kazi inayomfaa kuliko aliyo nayo. Awe msomaji wa msimbo wa wengine. Akikuta kosa aliandike kwa maneno, alieleze, mwenye sehemu alirekebishe mwenyewe. Hilo linataka akili kuliko kufuta na kuandika upya usiku, na ndiyo kazi atakayopewa akiajiriwa siku moja akawa na vijana chini yake.

Jiwekeeni sheria kwenye Git, chombo kinachotunza msimbo na kila badiliko lake. Tawi kuu, yaani toleo la msimbo la wote, lisiguswe moja kwa moja na mtu yeyote, Fundi akiwemo. Kila mtu aandike kwenye tawi lake, na kabla halijaunganishwa, mwingine awe amelisoma na kukubali. Msizuiwe na gharama za bando. Git huhifadhi kazi kwenye laptopu yako bila intaneti, mnasukuma mkifika kwenye Wi-Fi ya chuo. Ila nakuonya jambo moja. Git itakuonyesha nani amehifadhi mara ngapi, na utashawishika kupeleka hesabu hizo kwa mhadhiri. Usifanye hivyo. Mtu anaweza kuhifadhi mara hamsini kwa kubadilisha rangi za vitufe, na yule dada anayejua kwamba ombi kupokelewa si pesa kuingia asionekane hata mara moja.

Wewe mwenye ripoti acha kuchora mfumo usioujua. Chora kile ulichokiona kikifanya kazi, na kila mchoro uuchore ukiwa umekaa na mwenye sehemu hiyo akikueleza. Akikwama kueleza, mmepata mahali pa kurekebisha. Nawe chukua mikopo na ile ruwaza ya Hali, uiandike kwa mkono wako. Ripoti gawaneni wote, na Fundi aandike ukurasa wa Singletoni. Wa ukurasa wa kuingilia ndiye aitengeneze upya ile sehemu ya utambulisho, kwa sababu iko mlangoni kwake. Siku chache kabla ya kuwasilisha, badilishaneni, kila mtu aeleze sehemu ambayo hakuiandika, wengine wamuulize maswali ya kumbana.

Kikao kikiisha, siku hiyohiyo au kesho yake, nendeni kwa mhadhiri mkiwa na karatasi moja: nani anashika nini, ruwaza gani iko kwenye mpaka wa nani na nani, na hitilafu mbili mlizozigundua. Mwombeni maoni. Wahadhiri wengi huzijua shida za vikundi siku ya kuwasilisha, wakati hawawezi tena kusaidia. Fundi akikataa kuja kwenye kikao, nendeni wanne, na mseme hivyohivyo, mlichopanga na kwamba mwenzenu hajakubali. Msiseme ni mtu wa namna gani.

Bado kuna lile daftari. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na mweka hazina hakuwa na uwezo wa kutoa ridhaa kwa niaba ya waendesha boda wote wa steji yake. Majina yao, namba zao za simu na madeni yao yako kwenye laptopu tano, na kama mfumo uko mtandaoni na ile hitilafu ya Singletoni, yako wazi kwa yeyote anayeingia. Yafuteni leo, pamoja na zile picha, na mwambieni mweka hazina kwamba mmefuta. Futeni na kwenye Git pia, kwa sababu ukiondoa faili leo, nakala za jana bado zimo kwenye historia. Fundi ana uwezo wa kuisafisha, mpeni kazi hiyo iwe ya kwanza. Wanachama wa majaribio watungeni wenyewe, na yule dada awapangie malipo yao.